Siku nane za Askofu Hannington

Sidhani kuna neno linalotamkwa kwa wepesi zaidi katika makanisa yetu ya Nakuru kuliko hili la kungoja saa ya Mungu. Kijana aliyehitimu chuo na ambaye viatu vimemwishia kwa kutafuta kazi huambiwa angoje. Mama ambaye hajajaliwa mtoto huambiwa angoje. Mwanzoni mwa mwaka 2008, maelfu ya watu waliofukuzwa makwao walipokuwa wamejazana ndani ya mahema katika uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini hapa, hawakukosa wahubiri wa kuwaambia vivyo hivyo, ilhali waliyokuwa wakiyangojea ni mashamba na usalama, mambo ambayo yamo mikononi mwa wanadamu wenye ofisi, mihuri na mishahara.

Mafundisho yenyewe nayaamini. Kinachonikera ni jinsi tunavyoyatumia kama blanketi la kufunikia kila kitu, uzembe wetu, dhuluma ya wakubwa na haraka yetu wenyewe pia. Ndiyo maana nataka leo tuyatazame upya maisha ya mtu mmoja ambaye wahubiri hupenda kumtaja katika jambo hili, nami nadhani humtaja wakiwa wamesoma nusu tu ya habari zake.

Msafiri akitoka Nakuru kwa barabara ya Mogotio kuelekea Marigat, hulikuta upande wa kulia Ziwa Bogoria, maarufu kwa heroe na kwa chemchemi zake za maji yachemkayo. Waliosoma jiografia katika enzi ya ukoloni watakumbuka kwamba katika ramani za shule ziwa hilo halikuitwa Bogoria. Liliitwa Ziwa Hannington, kwa jina la askofu wa Kiingereza aliyepita hapo mwaka 1885 akiwa njiani kwenda kufa.

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye mali. Tangu utotoni hakuwa mtu wa kutulia. Alipoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto kwa kuchezea baruti, na shuleni wenzake walimbandika jina la Jim Kichaa. Akiwa na umri wa miaka 15 aliacha masomo akaingia katika ofisi ya biashara ya baba yake mjini Brighton, kazi ambayo hakuipenda hata siku moja, na miaka kadhaa ikapita hivyo kabla hajajiunga na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1868 kusomea ukasisi.

Aliwekwa wakfu kuwa shemasi mwaka 1874. La ajabu ni kwamba wakati huo yeye mwenyewe hakuwa na uhakika wa imani aliyokuwa akiihubiri. Alikuwa na rafiki aitwaye Dawson, aliyesoma naye Oxford, ambaye alimwombea kwa muda mrefu na kumpelekea kitabu cha dini. Hannington alikisoma kidogo, akakichukia, akakitupa kando. Kitabu kikakaa. Baadaye akakichukua tena, na safari hii kikamgeuza. Dawson hakumsukuma wala hakumwacha. Aliomba, akaandika barua, kisha akangoja. Ni Dawson huyo huyo aliyekuja kuandika maisha ya rafiki yake baada ya kifo chake.

Mwaka 1878 habari zilifika Uingereza kwamba wamisionari wawili wa chama cha CMS, Shergold Smith na O'Neill, wameuawa katika kisiwa cha Ukerewe, Ziwa Viktoria. Hannington, ambaye sasa alikuwa kasisi na mwenye mke, hakuweza kulisahau jambo hilo. Mwaka 1882 alijitolea, akawaacha mkewe Blanche na watoto wao wadogo, akasafiri mwezi wa Mei kuja Unguja na kutoka huko akashika njia ya zamani ya misafara, kupitia Mpwapwa na Unyanyembe hadi kusini mwa Ziwa Viktoria.

Ziwa aliliona, lakini Buganda hakufika. Homa na ugonjwa wa kuhara damu vilimkausha mwili hata akawa hawezi kusimama, na wapagazi wakambeba kwa machela kurudi pwani. Mwezi wa Juni 1883 alikuwa tena kwao Uingereza, mgonjwa, na madaktari hawakutaka kusikia habari za Afrika. Hapo Hannington alilazimika kungoja, na kungoja huko kulikuwa na faida, maana mwili ulipona na wakuu wa kanisa wakapata nafasi ya kufikiri. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa kuwa askofu wa kwanza wa jimbo lililoitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta, jimbo ambalo mipaka yake hakuna aliyeijua vema. Mwezi wa Januari 1885 akatua Mombasa.

Sasa tunafika kwenye kiini cha mambo. Hannington alikuwa ameiona njia ya kusini kwa macho yake. Ilikuwa ndefu, yenye mabwawa na mbu, na iliwala wamisionari na wapagazi kila mwaka. Mwaka 1883 Mskochi Joseph Thomson alikuwa amefungua njia nyingine kwa upande wa Wazungu, kutoka pwani hadi Naivasha na Baringo, kisha magharibi mpaka Ziwa Viktoria. Nasema kwa upande wa Wazungu kwa sababu Waswahili wa Mombasa na Pangani walikuwa wamezoea kufika Baringo na kupita wakitafuta pembe za ndovu kabla Thomson hajavaa viatu. Njia hii ilikuwa fupi, nayo ilipita katika nyanda za juu zenye hewa baridi. Mtu aliyebebwa kwa machela angewezaje kuacha kuitamani? Askofu akakata shauri kwamba hiyo ndiyo njia ambayo Mungu amelifungulia kanisa.

Lakini Thomson huyo huyo alipofika karibu na mipaka ya Busoga, mwezi wa Desemba 1883, aligeuka akarudi. Alitambua kwamba kusonga mbele kungeyahatarisha maisha yake, akaridhika na alichokipata. Thomson hakuwa mmisionari wala hakudai kwamba alikuwa ametumwa na Mbingu. Alikuwa mpelelezi tu mwenye akili timamu.

Tarehe 23 Julai 1885 Hannington aliondoka Rabai na msafara wa watu zaidi ya 200. Hakuchukua Mzungu mwingine. Msaidizi wake alikuwa William Jones, Mwafrika aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa na wamisionari huko Bara Hindi karibu na Bombay, kisha akarudishwa Afrika Mashariki kufanya kazi ya kanisa. Miezi miwili kabla ya safari, Hannington alikuwa amemweka Jones na mwenzake Ishmael Semler kuwa mashemasi. Msomaji alishike jina la Jones, kwa maana nitamrudia.

Walipita Taita, Ukambani na Ugikuyu, wakateremka katika Bonde la Ufa. Nakuru wakati huo haikuwa mji. Palikuwa ziwa, vumbi na malisho ya Wamaasai, na msafara wowote ulioingia katika nchi yao ulijua desturi: morani hufika kambini na mikuki, hongo hujadiliwa, nyaya na shanga na vitambaa huhesabiwa, na hakuna anayeondoka mpaka wazee wameridhika. Siku huisha hivyo hivyo. Hapana shaka mtu wa tabia ya Hannington aliona muda wake unaliwa na nchwa. Hata hivyo alivuka salama, akapita kando ya ziwa ambalo lilikuja kupewa jina lake, akafika kwa Wanjemps wa Baringo, wakulima wa kumwagilia maji ambao misafara ilinunua kwao nafaka. Kutoka huko wakapanda milima ya Tugen na ukingo wa Elgeyo, wakakata uwanda wa Uasin Gishu, na mapema mwezi wa Oktoba wakaingia Kwa Sundu, mji wa wafalme wa Wanga, mahali tunapopaita leo Mumias, ambako Mumia alikuwa bado mtawala kijana.

Wakati askofu alipokuwa akipanda milima hiyo, mambo mawili yalikuwa yakitokea bila yeye kuyajua. La kwanza lilikuwa Buganda. Kabaka Mutesa alikuwa amefariki mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana asiyefika miaka 20, alikuwa ameketi juu ya kiti chenye miiba. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu Wakristo waliteketezwa kwa moto. Katika imani ya Waganda, upande wa mashariki, kupitia Busoga, ulikuwa mlango wa nyuma wa nchi, ambao maadui wangeutumia kuja kuiteka. Wageni wema waliingia kwa kusini, kwa mashua, mbele ya macho ya Kabaka. La pili lilikuwa pwani. Wajerumani walikuwa wamejitwalia nchi za Usagara na jirani zake, na mwezi wa Agosti 1885 manowari zao zilikuja kusimama mbele ya jumba la Sultani Barghash huko Unguja. Habari hizo zilifika mpaka Buganda. Mwanga akaambiwa kwamba Wazungu wanakula nchi, na kwamba mkubwa wao mmoja anakuja kwa mlango wa nyuma.

Sisemi haya kumtetea aliyemwaga damu. Ila tumezoea kumchora Mwanga kama mnyama wa porini, na tukifanya hivyo hatutaelewa lolote. Hofu yake ilikuwa na msingi. Alexander Mackay na wenzake waliokuwa Buganda waliitambua hatari hiyo, wakajaribu kumwonya askofu asipite Busoga. Onyo lao halikumfikia kwa wakati.

Kwa hiyo tunamkuta Hannington Kwa Sundu, katikati ya Oktoba, mbele yake njia panda. Angeweza kukaa hapo, penye chakula na mwenyeji mwema, akatuma watu mbele na kungoja jibu kutoka Buganda. Badala yake alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akachagua watu 50, akaendelea kwa miguu kwa haraka. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipokosea, nami siogopi kulisema hilo juu ya mtu ambaye kanisa langu humkumbuka kila tarehe 29 Oktoba. Moyo wake ulikuwa safi. Alitaka kuokoa maisha ya wamisionari ambao njia ya kusini ingewaua. Lakini aliichukulia njia kuwa wazi kwa sababu yeye alikuwa tayari kuipita, na hayo ni mambo mawili tofauti. Wangapi kati yetu tumefunga ndoa, tumeanzisha makanisa, au tumeuza shamba la baba kwa hoja hiyo hiyo?

Tarehe 21 Oktoba 1885 alikamatwa katika nchi ya chifu Luba wa Busoga. Aliburutwa, nguo zake zikachanwa, akafungiwa katika kibanda chenye giza, panya na wadudu, huku wajumbe wakienda kwa Kabaka kuuliza afanywe nini. Kwa muda wa siku nane mtu aliyekuwa hawezi kutulia tangu utotoni hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Homa ilimrudia. Wake wa chifu walikuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. Usiku fisi walilia karibu na kibanda.

Tunayajua haya kwa sababu alikuwa na kijitabu cha kumbukumbu, akakiandika kila siku kwa herufi ndogo ndogo, na baada ya kifo chake kikapatikana na kuchapishwa. Nimekisoma zaidi ya mara moja, na kinachonigusa ni kwamba hamna ushujaa wa kujionyesha ndani yake. Analalamika. Anatumaini, kisha anakata tamaa, kisha anatumaini tena kwamba wajumbe watarudi na ruhusa. Anakiri kuwa amechoka na anatamani afe, halafu kesho yake anauliza habari. Alikuwa na Biblia, akasoma Zaburi. Siku moja kabla ya mwisho iliyomtia nguvu ilikuwa Zaburi ya 27, ambayo hufungwa kwa neno la kungoja. Siku ya mwisho ilikuwa ya 30. Wanaotufundisha kwamba mwenye imani hungoja akitabasamu wangekisoma kijitabu hicho kwanza.

Tarehe 29 Oktoba wajumbe walirudi. Hannington alitolewa nje akauawa, akiwa na umri wa miaka 38, na karibu wapagazi wote waliokuwa pamoja naye waliuawa siku hiyo. Wachache tu waliponyoka. Mwezi uliofuata Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki aliyetumikia ikulu ya Kabaka, alimkemea Mwanga kwa mauaji hayo, naye akauawa tarehe 15 Novemba. Mwaka uliofuata ukaja moto wa Namugongo.

Wahubiri wengi humalizia kisa hapa kwa namna moja. Husimulia kwamba askofu aliwaambia wauaji wake kuwa ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake, kisha huonyesha jinsi njia ilivyofunguka kweli: vijana wengi wa Uingereza wakajitolea mara waliposikia habari za kifo chake, Uganda ikajaa makanisa, na mwana wa Luba mwenyewe akaja kubatizwa na mwana wa Hannington. Haya yote mimi nayapokea kwa shukrani. Kwamba Mungu aliweza kutoa mema katika damu ile, nani atabisha?

Lakini njia ile ile ilipitiwa na wengine pia. Ilipitiwa na kampuni ya Waingereza yenye bunduki, kisha na reli iliyofika hapa Nakuru mwaka 1900 na Kisumu mwaka 1901. Hofu ya Mwanga ikatimia neno kwa neno, akapelekwa uhamishoni Ushelisheli mwaka 1899 na kufia huko mwaka 1903. Mwaka 1904 Wamaasai, wale walioruhusu msafara wa askofu upite baada ya kula hongo yao, waliondolewa katika malisho ya Naivasha na Nakuru kwa mkataba walioandikiwa na wageni, ili mashamba yapatikane kwa walowezi. Ugomvi wa ardhi uliojaza mahema katika uwanja wa maonyesho mwaka 2008 una mizizi yake huko. Basi anayeniambia kwamba kufunguka kwa njia ile kulikuwa saa ya Mungu, namwomba aniambie pia ni saa ya nani iliyowahamisha Wamaasai, na ni saa ya nani iliyowalaza watoto ndani ya mahema wakati wa masika. Tusimtwishe Mungu kila kitu kilichotokea kwa sababu tu kimetokea. Barua iliyochelewa ilikuwa barua iliyochelewa. Afisa anayekalia faili la mkimbizi kwa miaka mingi hafuati kalenda ya Mbinguni.

Anayenifundisha mimi kungoja katika kisa hiki ni yule shemasi aliyeachwa Kwa Sundu.

William Jones alibaki na watu zaidi ya 100 katika nchi ya ugeni, bila kujua kama askofu wake amefika au amekufa. Mwezi wa Novemba waliponyokao walianza kuleta habari mbaya. Jones angeweza kukimbia siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Angeweza pia kukaa akiimba nyimbo mpaka bidhaa zote za kununulia chakula ziishe. Hakufanya mojawapo. Alikaa kwa wiki kadhaa akitafuta uhakika, akiwahoji walionusurika, akiwalisha watu wake, maana kama askofu angekuwa hai na akarudi akiwa peke yake na mgonjwa, angemkuta nani? Ilipokuwa dhahiri kwamba hakuna wa kungojewa tena, mwezi wa Desemba alifunga mizigo akaanza kuwarudisha watu pwani, mwendo wa mamia ya maili. Alikuwa amekaa shemasi kwa miezi michache tu. Katika vitabu vyetu vya mafundisho sijaona ukurasa uliotengwa kwa ajili yake.

Mifupa ya Hannington ilihifadhiwa, ikachukuliwa, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa kwa heshima katika kilima cha Namirembe. Jina lake likaondolewa katika ziwa letu, nami naona hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa ziwa lilikuwa na wenyewe kabla hajapita.

Msafara wa Jones ulifika Rabai mwanzoni mwa mwezi wa Februari 1886. Walitangulia na bendera ya buluu ambayo Jones alikuwa ameiandika kwa herufi nyeupe neno Ikabodi, jina la yule mtoto wa Kitabu cha Samweli aliyezaliwa siku ambayo utukufu uliondoka Israeli. Waliopotea pamoja na askofu walikuwa watu wa kukodiwa mizigo, nao walikuwa na wake na mama zao huko pwani, ambao walikuwa wamengoja tangu Julai. Wakatoka njiani kuutazama msafara ukiingia, mtu kwa mtu, mpaka wa mwisho akapita.